Sahihi ya Zablon Aguko

Wenzangu wa ukumbi wa kanisa, mlionipigia simu tangu nirudi mkiuliza "Mwalimu, ilikuwaje?", nimechoka kuisimulia hadithi hii vipande vipande. Kila nikimaliza kumweleza mmoja, mwingine ananijia na habari nyingine kabisa. Eti nilienda Mbita kuposa. Eti nilifikishwa kwa chifu kwa mambo ya mashamba. Yote mawili yana ukweli kidogo, na hapo ndipo ugumu ulipo. Kaeni niwaeleze mara moja, hatua kwa hatua, ingawa hatua nyingine mpaka leo sijazielewa vizuri.

Ukuta wangu pale Kiplombe mnaujua. Picha kumi na moja za zamani za mabingwa wa raketi, wa tenisi, wa badminton na wa mpira wa meza, na kila moja ina sahihi ya mwenyewe. Mke wangu huziita wageni wasiokula. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Zablon Aguko. Kaptura nyeupe, raketi ya mbao begani, na sahihi ya wino wa bluu iliyopita juu ya goti, Z yake kubwa ina mkia unaozunguka jina zima. Niliipata nikiwa darasa la sita. Baba alikuwa na duka Nandi Hills, na Zablon alifanya kazi kwenye klabu ya shamba la chai hapo karibu, akifunga nyuzi za raketi za wakubwa asubuhi na kuwashinda uwanjani jioni. Nilimpa picha aitie sahihi, akaniambia, "Leo mkono unauma, kijana. Kuja kesho." Kesho yake nikaikuta tayari.

Sasa Daktari wetu wa Elgon View, ambaye pia ni mkusanyaji, anaandaa maonyesho ya picha kama hizi. Mbele yenu nyote aliishika picha yangu, akaweka miwani, akasema, "Mwalimu Mwangi, hii sahihi si sahihi." Mkacheka. Akaendelea, "Mtu wa kuokota mipira hawezi kuwa na mwandiko wa namna hii. Niletee sahihi yake nyingine nilinganishe, ama hii haipandi ukutani." Nilikasirika mpaka chai ikanishinda kunywa. Nilijua Zablon alishafariki, na nilisikia nyumbani kwake ni Mbita. Nikafunga safari.

Eldoret hadi Kapsabet, ambako niligeuzwa mzee wa posa

Nilipata lifti kwenye Canter, lori dogo la Kiprono, kijana wa Kaptagat anayepeleka kabeji Kisumu. Picha niliifunga kwa shuka la mtoto, nikaipakata. Kiprono alikuwa amevaa koti la suti juu ya gambuti, jambo ambalo lingenipa shaka kama ningekuwa mtu wa kushuku.

Tulipopita Kapsabet kidogo, akakata kona kuingia barabara ya udongo. "Mwalimu, dakika tano tu. Nisalimie watu fulani."

Watu fulani walikuwa zaidi ya ishirini, wamekaa kwa mistari. Nilipewa kiti cha mbele, chenye kitambaa. Nikamiminiwa mursik, maziwa ya mgando kutoka kwa kibuyu, mazito, yenye chembe nyeusi za mkaa, na kila nilipoweka kikombe chini kilijazwa. Wazee walizungumza Kinandi kwa muda mrefu, wakinitazama mimi. Nami nikaitikia kwa kichwa, maana adabu haihitaji lugha. Kumbe kila nilipoitikia nilikuwa nakubali jambo. Mwishowe mzee mmoja akanigeukia kwa Kiswahili.

"Sasa wewe, mzee wa kijana, sema. Mumekuja kutafuta nini kwa hii boma?"

Nikasimama nikajibu ukweli. "Mimi natafuta sahihi."

Wazee wakatazamana. Kisha mzee akaanza kucheka, na boma zima likacheka naye. "Hata sisi! Hatutaki msichana akae bila sahihi. Waende kanisa, waende kwa DC, wasign!" Wakapiga makofi. Kiprono alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yamelowa. Baba yake alikuwa amelazwa, akaniambia baadaye, na ni aibu kwenda kwa wakwe bila mtu mzima kando yako.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungekataa, Mwalimu."

Ni kweli ningekataa. Dakika tano zilikuwa muda wa saa nne nzima, na kabeji zilianza kunyauka. Lakini yule kijana aliimba njia nzima kutoka Chavakali mpaka tukaliona ziwa, na sikuweza kumnunia.

Kisumu hadi Luanda Kotieno, na samaki niliyemla kwa wasiwasi

Nililala Kisumu, na asubuhi nikafika Luanda Kotieno, feri inakovukia kwenda Mbita. Feri ilikuwa ng'ambo. Watu walisema itafika "sasa hivi", na baada ya Kapsabet nilishajua maneno ya aina hiyo yana urefu gani.

Niliingia kwenye kibanda cha chakula. Mwenye kibanda, Mama Auma, aliniletea samaki aina ya ngege, mzima mwenye macho, juu ya ugali mkubwa kuliko kofia yangu. Niliomba uma. Alinitazama, akatazama mikono yangu.

"Hiyo iko na kasoro gani?"

Nikanawa. Mimi ni mtu wa githeri, mahindi na maharagwe tu, wenzangu, na miiba yetu huko ni ya waridi. Nilichukua nusu saa kwa upande mmoja wa samaki, na Mama Auma akaja kukaa kwa huruma, akawa ananitolea miiba kama mtoto. Ndipo akaniuliza natoka wapi na naenda kwa nani.

"Natoka Eldoret. Naenda kwa marehemu Zablon Aguko. Natafuta sahihi yake."

Mkono wake ukasimama juu ya samaki. "Sahihi ya marehemu?"

"Ndiyo, Mama. Iliyo kwenye karatasi yoyote. Nataka kuringanisha na hii yangu."

Mnajua ulimi wangu na hizo herufi mbili. Nikichoka, L inakuwa R. Alidhani nataka kuringa na sahihi ya mtu aliyekufa.

"Kuringa nayo?"

"Kuona kama ni ileile."

"Na wewe ni nani kwake?"

"Mimi si mtu wake. Mimi ni mkusanyaji."

Alifuta mikono, akaondoka, hakurudi hata kuchukua sahani. Nilibaki na ule upande wa pili wa samaki, peke yangu, sielewi nimekosea wapi. Nilidhani ni uma.

Kuvuka

Feri ilipoondoka, nilimwona Mama Auma naye yumo, amesimama mbali na mimi akiongea kwa simu. Alikuwa anazungumza Kijaluo, lakini kelele za injini zilipotulia kidogo nilishika maneno matatu: Zablon, Eldoret, na title. Akalirudia hilo la mwisho mara nyingi. Title. Title.

Nawaambia nilijaa furaha. Nilidhani dunia imetusahau, mimi na picha yangu, kumbe hata mama wa samaki anajua kwamba Zablon alichukua taji! Nilimpungia mkono. Akageuza mgongo.

Tulipotia nanga Mbita, mwanamume wa bodaboda alinijia moja kwa moja, hata hakutafuta abiria wengine.

"Wewe ndio mtu wa title ya Zablon?"

"Ndimi," nikasema kwa fahari. "Title ile hakuna aliyemnyang'anya."

"Hiyo tutaona," akasema. "Panda."

Nyumbani kwa bingwa

Boma lilikuwa juu kidogo ya ziwa, nyumba ya mabati na shamba linaloteremka mpaka majini. Chini ya hema viti vilikuwa vimepangwa, na watu wameshakaa. Nilifikiri, jamani, wamenipokea kwa heshima. Nikaanza kusalimia kwa mkono kutoka mwisho wa mstari. Hakuna aliyetabasamu.

Mbele alikuwa ameketi naibu wa chifu, na kofia yake mezani. Kulia kwake alikaa mama mzee aliyejifunga leso ya bluu, mnyoofu kama bado yuko shuleni. Huyo alikuwa Mama Peres, mjane wa Zablon. Kushoto alikaa mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, bahasha magotini. Huyo alikuwa Elisha, mtoto wa ndugu ya Zablon.

"Mgeni," naibu wa chifu akaanza, "tumesikia umetoka Eldoret kutafuta sahihi ya marehemu. Wewe ni wa upande gani?"

"Mimi?" Nikamtazama yeye, nikamtazama mama, nikamtazama Elisha. "Mimi ni wa tenisi."

Wakaanza kunong'ona. Elisha akasimama. "Chief, huyu ni wakili wa Mama. Ako na paper amefunga kwa shuka."

"Mimi simjui," Mama Peres akasema. "Nilidhani ni wewe umemleta. Si ndio mnunuzi?"

Ndipo naibu wa chifu, aliyekuwa mtu mpole kuliko kofia yake, alinieleza kama unavyomweleza mtoto. Zablon alikufa akiacha shamba hili. Title, yaani hati ya shamba, ina jina lake. Baada ya matanga, Elisha alitokeza mkataba unaosema marehemu alimpa sehemu yote ya chini, ile ya ziwani, ambayo ndiyo yenye maji na ndiyo inayomlisha mjane. Mkataba una sahihi ya Zablon. Mama Peres anasema mumewe hakusaini. Akiulizwa amejuaje, anasema tu "najua". Kesi imekaa hapo, na leo, kusikia mtu wa mbali anakuja kutafuta sahihi ya marehemu, wote wamekuja kusikiliza.

Nilitaka ardhi inimeze, shamba lenyewe likiwemo. Kwa haraka nikafungua shuka nikawaonyesha picha. Nikaeleza Nandi Hills, Daktari, maonyesho, sahihi si sahihi, yote kwa pumzi moja. Mama Peres aliinama kuitazama picha, na uso wake ukabadilika.

Elisha ndiye aliyeruka. "Chief, ngoja!" Alitoa mkataba kwenye bahasha, akauweka kando ya goti la Zablon. Tukainama vichwa vitatu. Z kubwa. Mkia unaozunguka. Ile g ya Aguko yenye kitanzi.

Zilifanana kabisa.

Wenzangu, lazima nikiri. Sikufikiria kitu kingine. Miaka yote ile, na Daktari na miwani yake! Nikapiga kelele, "Ni yenyewe!" Elisha akapiga kelele, "Ni yenyewe!" Tukakumbatiana. Tulikuwa tunarukaruka pamoja, mimi na mtu ambaye sikumjua saa moja iliyopita, na ni baada ya kuruka mara ya tatu nilipowaona wale watu. Walikuwa wanamtazama Mama Peres kama watu wanavyomtazama mfiwa. Mwanamke mmoja alikuwa ameshaanza kulia.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nimesafiri siku mbili, nimekunywa mursik na kula ngege, ili nije nimpokonye mama mzee shamba lake. Nilimwachilia Elisha. Nikaona aibu.

"Mama Peres," naibu wa chifu akasema polepole. "Umeona mwenyewe. Hii picha ni ya zamani, na huyu mtu hana undugu na nyinyi. Uko na la kusema?"

Mama Peres akanyoosha mkono. Kisha akasema, "Nipe kalamu."

Akapewa kalamu na kipande cha karatasi. Aliweka karatasi juu ya paja lake, na bila kufikiri, mkono ukateleza mara moja. Z kubwa, mkia, kitanzi. Akampa naibu wa chifu. Akaandika nyingine. Akanipa mimi.

Nilitazama karatasi, nikatazama picha. Nilikuwa sielewi. Naapa nilikuwa sielewi.

"Zablon hakujua kuandika," akasema.

Elisha akasimama. "Mama! Usiaibishe Mzee mbele ya watu!"

"Ndio maana nimenyamaza." Alimgeukia Elisha. "Tangu ulete hiyo karatasi, mimi nanyamaza. Nimesema heri nipoteze maji kuliko watu waseme Zablon alikuwa hajui hata jina yake. Alikuwa bingwa. Wazungu walikuwa wanasimama wakimpigia makofi. Picha zikiletwa, anaambia watu mkono unauma, kuja kesho. Analeta nyumbani, anaweka kwa meza, ananiambia Peres, fanya ikae mzuri. Mimi nilikuwa nimefika darasa la saba. Nikatengeneza hiyo Z mwenyewe. Hata yeye aliipenda. Alikuwa anasema, 'Leo umenisign vizuri.'"

Halafu naibu wa chifu akavua miwani. "Hiyo ya mkono," akasema, "mimi naikumbuka. Kila fomu ofisini kwangu, Zablon anasema mkono wa raketi unauma, aweke kidole. Kila fomu. Nilikuwa nampa pole."

Mzee mwingine akasema, hata kwenye chama cha wavuvi aliweka kidole. Mwingine akasema, hata gazeti alikuwa anasomewa, akisema miwani imevunjika. Kila mmoja alikuwa na pole aliyompa Zablon.

Naibu wa chifu akamgeukia Elisha. "Wewe ulisema alisign mbele yako. Kwa meza. Na kalamu."

Elisha akaikunja bahasha yake tupu. Kisha akasema jambo ambalo lilinichanganya kuliko yote, maana alikuwa analia kweli. "Mimi pia niko na picha yake kwa nyumba. Tangu niko mdogo. Mimi nilijua hiyo ndio sahihi yake. Nilikuwa najifunza kuiandika shuleni, nyuma ya daftari, nikitaka kuwa kama yeye." Akaketi. Sikujua kama nimchukie, na mpaka leo sijui.

Mkataba ulichukuliwa na naibu wa chifu, na kesi ikaandikwa ipelekwe mbele kwa wakubwa wake. Lakini pale chini ya hema hakuna aliyekuwa na shaka tena. Akaniambia, "Mwalimu, hii picha itabaki. Ni ushahidi." Nikasema sawa. Ingekuwa ajabu kuing'ang'ania picha iliyojulikana mbele ya boma zima kwamba ni feki. Kwa maneno ya Daktari, sahihi haikuwa sahihi. Alikuwa amesema kweli, na alikuwa amekosea kabisa, na sijui mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pamoja namna gani.

Jioni nililetewa kuku. Mama Auma, ambaye kumbe ni binamu yake Mama Peres, ndiye aliyempika, na aliniwekea uma kando ya sahani bila kunitazama.

Kurudi

Asubuhi Mama Peres alinisindikiza mpaka mwisho wa boma. Nilikuwa nimelala vibaya. Nilimwomba msamaha kwa kuruka.

"Kila mtu ataongea sasa," akasema. "Leo huko sokoni watasema Zablon alikuwa mjinga."

"Au watasema alikuwa na mke."

Aliniuliza kama nimekasirika kwa kukosa picha yangu. Nikamwambia kweli, nimeumia, nimeipenda miaka mingi. Halafu nikamwambia nina ombi. Nilikuwa na kadi ndogo ya picha ileile, nakala iliyochapwa kabla ya sahihi, niliyobeba ili nimwonyeshe mtu njiani, haina wino wowote. Nilimpa na kalamu.

"Niwekee sahihi, Mama. Hii nitaitundika."

Akaishika vizuri, mkono ukashuka juu ya goti la mumewe, tayari kuteleza. Nikasema, "La, Mama. Yako."

Mkono ukasimama. "Yangu?"

"Wewe ndiye uliyeandika zote."

Alicheka kidogo, akageuza kadi kana kwamba nafasi ya jina lake ingekuwa mahali pengine. Kisha akaegemea nguzo ya lango, akaanza. Ile ya Zablon ilimchukua pumzi moja. Yake aliiandika herufi moja moja, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo, kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipofika S ya mwisho akasimama, akaniuliza kama imekaa mzuri.